Mtungo wa Majina

Mwanamkuu binti Ukasha hapendi kusifiwa. Ukianza kumsifu atakuuliza kama una kopi ya kutoa, na kama huna, atakuomba umpishe mwenye nayo. Kwa hiyo haya nayaandika bila idhini yake, na akija kuyasoma akanuna, na anune. Nilimfundisha darasa la tatu hapa hapa kijijini Ndagoni, nimeshamwona akinuna mara nyingi, na bado tunasalimiana.

Ana chumba kimoja mjini Kilindoni, ubavuni mwa duka la Nurbanu. Mlangoni amebandika karatasi: KUCHAPA, KOPI, PICHA, BARUA ZA MAOMBI. Ndani mna kompyuta mbili. Moja inafanya kazi, na ya pili inasubiri kifaa tangu siku nilizokuwa bado nafundisha. Printa imekaa juu ya kreti la soda, imefunikwa kanga kuukuu kwa ajili ya vumbi. Asubuhi hutoka Ndagoni kwa pikipiki, jioni hurudi, na katikati ya hapo huwaandikia watu barua za kuomba kazi ambazo wengi wao hawazipati. Hawapunguzii heshima kwa hilo. Akimaliza kuchapa humsomea mtu barua yake kwa sauti, taratibu, ili mwenyewe aisikie kama imemtosha.

Alikwenda Dar es Salaam akasoma kompyuta mwaka mmoja, akapata cheti. Mama yake akapigwa na kiharusi, naye akarudi kumuuguza. Watu wakasema cheti kimeliwa na maji. Mimi nilikuwa mmoja wao, tena mwenye sauti kubwa. Kumbe kina mama wa mwani walikuwa wanamhitaji. Kila bamvua, bahari inapokupwa sana, wanavuna, wanakausha, wanapima, na kila kipimo kinaandikwa, hata mama mmoja akawa na mistari thelathini kwa mwaka imetawanyika kwenye daftari lote. Mwanamkuu akawatengenezea mahali ndani ya kompyuta ambapo kila mama anaulizwa kwa jina lake na mistari yake yote inakuja pamoja. Walipoona hivyo wakapiga vigelegele. Mimi nikasema, ah, hesabu za mwani tu hizo. Mungu anisamehe, maana mdomo huu umenitangulia kwenye mambo mengi.

Sasa nijitaje na mimi. Naitwa Ussi bin Luqmani, mwalimu mstaafu, katibu wa msikiti wetu kwa mwaka wa thelathini na mbili huu. Kazi yangu kubwa ni moja, na huja mara moja kwa mwaka. Mwezi wa Shaabani, wiki ya mwisho kabla ya mfungo, tunasoma khitma ya kuwarehemu wafu wa kijiji kizima. Juzuu thelathini zinagawanywa, wanaume ukumbini, wanawake nyuma ya pazia, kila mtu na yake. Zikikamilika, katibu anasimama na kutaja marehemu wa kila nyumba, jina kwa jina, kuanzia aliyetangulia kufa mpaka wa mwisho, na watu wanaitikia amina. Ni siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Ijumaa hufungwa dua, tukala wali, na daftari likafungwa mpaka Shaabani nyingine.

Watu wa nje huuliza, kwani Mungu hawajui? Anawajua. Lakini mama aliyekaa nyuma ya pazia amengoja mwaka mzima kusikia mtu akilitamka jina la marehemu wake kwa sauti mbele ya kaumu. Kule nyumbani kwake halitamkwi tena, maana kila akilitamka watu wanainamisha vichwa.

Nilikuwa na kauntabuku nne zenye majina hayo. Moja ilishaliwa pembeni na mchwa. Macho yangu nayo yakaingia ukungu, mtoto wa jicho, na mwaka juzi nikasoma nyumba moja mara mbili na kuiruka inayofuata. Watu walikohoa. Kwetu mkubwa haambiwi amekosea, hukoholewa tu. Nyumbani mke wangu, Kidawa, akaniambia: "Mwalimu, mpelekee Mwanamkuu hayo madaftari kabla hujatutia aibu zaidi." Mke wangu huniita Mwalimu kama kijiji kizima kinavyoniita, ila yeye hulisema kwa namna inayonifanya nijihisi mwanafunzi.

Mwanamkuu aliyachapa kwa miezi miwili, jioni baada ya wateja kuondoka. Hakutaka kitu. Nilipomuuliza ujira alisema nimsomee babu yake vizuri, basi.

Alinieleza alichokifanya, nami nakieleza kama nilivyokielewa. Kila marehemu amekaa kwenye mstari wake peke yake: jina, nyumba, mwaka. Vitabuni huitwa kanzidata, yeye huita databesi. Ukiiuliza nyumba ya fulani, inakutolea mistari kumi na moja, mmoja chini ya mwingine, na kijiji kizima kingekuwa kurasa arobaini. Mimi nilitaka nyumba moja, mstari mmoja, nisome nikiwa nimesimama.

"Ipo amri ya hilo," akasema. "Mwalimu, umeona mtu anavyotunga samaki? Wako mmoja mmoja ndani ya tenga, anapitisha ukindu kwenye mashavu yao, wanakuwa mtungo mmoja. Amri inapita kwenye mistari ya nyumba moja, inayatoa majina, inayatunga."

"Na katikati ya samaki na samaki?"

"Hapo uniambie wewe unataka nini."

Mara ya kwanza aliacha nafasi tupu tu. Nikajaribu kusoma pale dukani kwake, nikasoma "Shamte Ukasha" nikidhani ni mtu mmoja, Shamte mtoto wa Ukasha, kumbe ni ndugu wawili. Akaweka mkato. Mkato siuoni, kwa macho yangu mimi mkato na kinyesi cha nzi ni kitu kimoja. Mwisho akaweka kijiti kinene kilichosimama, na pengo kila upande, na hapo nikaona vizuri na pumzi nikapata pa kuvutia. Nilifurahi nikamwomba anitengenezee chai. Akasema yeye hauzi chai.

Tukabaki na jambo moja, na jambo hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Kwenye nyumba moja jina la Bi Tumaini lilitokea mara tatu. Alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja kwa miaka yake aliniletea karatasi yenye jina la mama, nami nikaandika kila nilicholetewa. Nyumba nyingine nazo zilikuwa na marudio ya namna hiyo. Nikawaka. Mimi huwaka haraka, Kidawa anasema ningefaa kuwashia jiko.

"Mwanamkuu, mimi nitasimama nimsomee mtu mmoja mara tatu? Ondoa yote yanayojirudia."

Akaniangalia juu ya miwani yake. "Yote, Mwalimu?"

"Yote! Nimesema yote."

Alifungua mdomo, akaufunga. Mimi ni mwalimu wake wa darasa la tatu. Akaongeza neno moja tu la Kiingereza ndani ya amri yake, neno la kuiambia kompyuta isirudie jina kwenye mtungo mmoja, na Bi Tumaini akabaki mmoja. Mwaka jana nilisoma bila kukwama, tukamaliza kabla jua halijawa jekundu. Wanaume walinishika mkono, wakasema Mwalimu amerudi ujanani. Nilikwenda nyumbani nacheka peke yangu njiani.

Mwaka huu, Alhamisi, nikasoma nusu ya kwanza ya nyumba vilevile. Ijumaa asubuhi, naosha uso, nikasikia hodi. Alikuwa Safia, mkwe wa Abeid fundi mashua. Huyu binti alifiwa na mwanawe wa miaka minne miezi sita iliyopita, homa ya siku tatu. Mtoto huyo nilimwandikisha mimi mwenyewe: Aziza, nyumba ya Abeid.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kuna heri?"

"Heri." Hakukaa. "Mwalimu, jana hukumtaja mwanangu."

Nikawaka. "Nimemtaja! Nyumba ya Abeid nimesoma: Aziza, Shamte. Nakumbuka kwa kichwa."

"Umemtaja Aziza mmoja. Sisi tunao wawili."

Nikaacha kujifuta uso.

"Uliyemtaja ni bibi yake, mama mkwe wangu, maana umeanza naye," akasema. "Halafu Shamte. Mimi nikawa nimejikaza, nangoja, najua baada ya Shamte ni yeye. Wewe ukasema nyumba ya nani sijui, ya mbele. Watu wakaitikia amina na mimi mwanangu hajatajwa." Sauti ikamkatika, akaikaza. "Leo mnafunga dua. Mwakani mbali, Mwalimu. Mimi siwezi kukaa mwaka mzima mwanangu kaachwa nje."

Nataka msomaji asiye wa huku anielewe. Kwetu mtoto hapewi jina la kuokotwa. Mtoto wa kwanza wa kiume ni jina la babu, wa kike ni la bibi, na bibi humwita mjukuu wake "somo yangu" akampenda kuliko watoto aliowazaa. Nyumba moja ina Aziza wawili, ina Shamte watatu. Jambo hilo linajulikana na kila mtu kisiwani, na zaidi ya wote na mwalimu aliyeita majina darasani miaka thelathini na tano, akisema "Shamte mkubwa" na "Shamte mdogo." Mtu huyo ndiye aliyesema ondoa yote.

Tulichukua pikipiki mbili kwenda Kilindoni. Njiani nilikuwa nikijitayarishia maneno, na naona haya kusema, maneno yenyewe yalikuwa ya kuilaumu mashine.

Tulimkuta Mwanamkuu anafunua printa. Safia akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, na katikati ya maneno niliona rangi yake ikibadilika, maana alielewa kabla hatujamaliza. Akanitazama mara moja. Nilijua anakumbuka. Yalikuwa yanatosha maneno matatu: "Mwalimu ndiye aliyesema." Nilikuwa nimesimama pale, mtu mzima na kofia yangu, nangoja kuyasikia.

"Dada Safia, kosa ni langu," akasema. "Amri nimeiandika kwa mkono wangu, na nilijua ina hatari, na sikuuliza mara ya pili. Nisamehe. Leo atasomwa. Keti hapa."

Nami nikanyamaza. Hilo sitajisamehe upesi. Nilimwacha mwanafunzi wangu abebe mzigo wangu kwa sababu ya kofia.

Nilidhani ataondoa lile neno moja na mambo yatakwisha. Akatikisa kichwa. Akiliondoa, Aziza mdogo atarudi, lakini Bi Tumaini naye atarudi mara tatu, na wengine kama yeye. Kompyuta inaona herufi tu, haijui nani ni nani. Kilichohitajika ni kila marehemu kupewa nambari yake, mtu mmoja nambari moja, na mtungo utungwe kwa nambari. Wenye jina moja na nambari mbili wabaki wote. Jina lililojirudia kwa mtu yuleyule lifutwe libaki moja. Akatafuta marudio yote, yakatoka mia na arobaini.

"Hapa mimi siwezi kitu," akasema, akanivutia kiti. "Anayejua ni wewe, Mwalimu. Mimi nitakuuliza, wewe unijibu mmoja au wawili."

Basi tukaanza, saa mbili asubuhi. Mteja alikuja kutaka picha za pasipoti, akaambiwa aende arudi Jumamosi. Safia alishika zile kauntabuku, akawa ananifungulia ukurasa, maana macho yake ni mazima. Mwanamkuu anataja, mimi nafumba macho nakumbuka.

"Nyumba ya Bwende, Mwanaisha mara mbili."

"Wawili. Mmoja alikufa kwa uzazi, wa pili ndiye mtoto wenyewe aliyezaliwa siku ile. Walimpa jina la mama."

"Nyumba ya Dadi, Omari mara mbili."

"Mmoja. Aliletwa na mkewe na dada yake. Walikuwa hawasemezani."

Safia alicheka hapo, mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha akafunika mdomo.

Tukaenda hivyo, mmoja, wawili, wawili, mmoja. Na jambo likaanza kujitokeza ambalo sikulipenda. Waliokuwa wawili, yule aliyepotea kwenye mtungo alikuwa karibu siku zote mdogo. Kompyuta ilishika jina pale lilipotokea kwanza, kwa babu, kwa bibi, na mjukuu aliyekuja nyuma akadondoka. Wengi walikuwa watoto. Wa surua ya zamani, wa kuzama, wa homa, wa siku saba na wa siku arobaini. Niliwataja mmoja mmoja mpaka koo likanikauka, na Mwanamkuu akainuka bila kusema akaenda kwa Nurbanu akaniletea chai ya maziwa. Yeye asiyeuza chai.

Nilishajua. Kabla hajafika huko, nilishajua, na kila nyumba tuliyoimaliza ilinisogeza. Zilikuwa zimepangwa kwa jina la mwenye nyumba, na Ussi iko mwishoni. Tulipomaliza nyumba ya Tamimu nikashika kiti kwa mikono miwili. Safia akafungua kauntabuku ya kwanza kabisa, akatazama ukurasa, akatulia.

Mwanamkuu hakuniuliza mmoja au wawili. Hakugeuka hata. Akabonyeza akasema, "Nyumba yako nimeshaimaliza, Mwalimu. Tuendelee na inayofuata."

Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha duka la Nurbanu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alipewa jina la marehemu baba yangu siku ya akika, akaishi siku kumi na tisa. Miaka arobaini na mitatu imepita. Nikapata watoto wengine wanne, alhamdulillahi, wote wazima. Nilimwandika mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza siku niliyokabidhiwa ukatibu, Luqmani bin Ussi, na kila Shaabani nilimtaja bila kuangalia daftari. Mwaka jana nilisoma kilichoandikwa kwenye karatasi, mbio, nikiona raha ya kuona vizuri, na nikamruka mwanangu wa kuzaa. Nikarudi nyumbani nacheka. Na Kidawa alikuwa nyuma ya pazia.

Nililia pale. Naeleza mambo kama yalivyokuwa.

Hesabu ilitoka sitini na mmoja. Ukimtoa Aziza mdogo, aliyetutoka mwaka huu, watu sitini wa Ndagoni tuliwaacha nje mwaka jana, na nyumba zao zote zilisikia, na hakuna aliyekuja kunigongea mlango. Wengine walidhani kuna sababu ya kidini wasiyoijua. Wengine waliona si adabu kumsahihisha Mwalimu. Ilimbidi binti wa miaka ishirini na sita mwenye jeraha bichi aje aseme. Nilimshukuru Safia palepale, akainama, akasema hakujua kama anafanya vibaya. Nikamwambia ndiye pekee aliyefanya vizuri.

Mwanamkuu aliprinti saa tano na nusu, akatuonyesha nyumba ya Abeid kwanza. Aziza, kijiti, Shamte, kijiti, Aziza. Safia akaweka kidole chini ya jina la mwisho, akakiacha hapo mpaka wino ukamtia alama.

Alasiri, juzuu zilipokamilika, nilisimama. Kabla ya kusoma nyumba zilizobaki niliwaambia watu kwamba nina deni la kusema. Nikawaeleza. Nikasema mashine haikukosea, na aliyeiandikia amri hakukosea, bali aliniuliza "yote, Mwalimu?" nami nikamkemea. Nikasema leo amenifichia aibu yangu mbele ya mtu, na mimi nikamwacha anifichie, na hilo ni kosa la pili. Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu darasa la tatu, ni cha mtu anayetaka nikae kitako. Sikukaa.

Nikawasoma waliodondoka katika nyumba za Alhamisi. Nilipofika kwa Abeid nikasoma mtungo wote, na baada ya Shamte nikavuta pumzi pale penye kijiti, nikasema, "Aziza binti wa Safia." Karatasi haikuandikwa binti wa Safia, nimeongeza mwenyewe. Amina iliyotoka nyuma ya pazia ilitikisa kitambaa.

Nikaendelea mpaka Ussi. Karatasi ilisema Luqmani, kijiti, Luqmani, kijiti, Mwanamvua. Baba yangu, mwanangu, mama yangu, kwa mpangilio walivyotutoka. Nilisoma wa kwanza. Wa pili alinichukua muda. Kaumu ilingoja, na safari hii hakuna aliyekohoa.

Baada ya magharibi tuliketi barazani, mimi na Kidawa. Nikamuuliza, "Mwaka jana ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukunambia?"

Akamimina chai. "Ulirudi unacheka. Ulikuwa hujacheka tangu macho yaanze kukusumbua. Nikasema, nitamwombea mwenyewe huku ndani, na mwakani huenda akakumbuka." Akanisogezea kikombe. "Kunywa, Baba Luqmani, kinapoa."

Hakuwahi kuniita hivyo tangu zile siku kumi na tisa. Nilikunywa chai ile nikaona Mungu amenipa mengi nisiyoyastahiki, na kati yake wamo wanawake wawili wenye subira kuliko mimi.

Jumamosi asubuhi Kidawa alioka mkate wa kumimina, akaufunga kwa kitambaa, akaniambia nimpelekee Mwanamkuu. "Mwambie umetoka kwa Mama Luqmani."

Nikaenda Kilindoni. Mwanamkuu alikuwa na wateja watatu. Nikamkabidhi mkate, nikamwambia umetoka kwa nani, kama nilivyotumwa. Hakuuliza huyo ni nani. Akavua miwani akaifuta kwa ile kanga ya printa, akaifuta tena, na kanga yenyewe ina vumbi. Nikaanza kumwambia, mwanangu, kwa kweli mimi sijui nikushukuru...

"Mwalimu," akanikata, "una kopi ya kutoa?"

Nikamwambia ninayo, moja tu. Nikatoa mfukoni ukurasa wenye nyumba yetu. Kidawa alitaka awe na nakala yake mwenyewe nyumbani.